Matundu Saba Nyuma ya Kiti

Fundi Maboksi si mtu wa kushtuka ovyo. Miaka thelathini na ushei amefanya kazi kwenye majumba ya watu, na nyumba ya mtu, ukiingia na futi kamba mkononi, haikufichi kitu. Ameshakuta nyoka kwenye dari. Ameshakuta barua za mapenzi nyuma ya kabati, tena si za mwenye kabati. Mara moja alikuta mzee mzima kajifungia stoo akimkwepa mkewe. Yote hayo aliyacheka, akanywa chai yake, akaendelea kupima. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba asubuhi ile alipiga magoti mbele ya ukuta wa muuza matairi akashindwa kusimama, mjue si mambo madogo.

Lakini ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia hapo mtasema naongeza chumvi.

Jina la Maboksi alijitafutia mwenyewe. Kazi yake siku hizi ni zile kuta za sebuleni ambazo kila mwenye nyumba anazililia: televisheni imezama ukutani kana kwamba iliota humo, chini yake moto wa umeme unawaka bila kuni, pembeni rafu za mapambo, na taa zilizofichwa usijue mwanga unatokea wapi. Mafundi wengine wanakuja, wanapima, wanachora kwenye simu, kesho yake wanakata mbao. Yeye hapana. Yeye anakuja na gari limesheheni maboksi matupu ya friji na ya magodoro, anayakunjua, anayaunga kwa selotepu, anasimamisha ukuta mzima wa maboksi kwa ukubwa ule ule utakaokuwa wa mbao na jasi. Halafu anafanya jambo ambalo limewafanya watu wamwone hamnazo: anakaa. Anakaa kwenye kila kiti cha sebule, saa nzima kila kiti, tena kwa wakati ule ule ambao mwenye kiti huwa anakikalia. Anautazama ukuta wa maboksi.

"Fundi, unatazama nini na hakuna picha?" watu humuuliza.

"Naisikiliza shingo yangu," huwajibu.

Ana sababu. Ukuta wake wa kwanza kabisa aliijengea familia moja akaiweka televisheni juu mno, ili ipendeze na maua ya chini. Mzee wa nyumba ile akawa anatazama taarifa ya habari kama anayetafuta ndege angani. Mwezi wa tatu shingo ikagoma kushuka. Walimwita Maboksi kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, akabomoa ukuta wote, akaanza upya. Tangu siku hiyo aliapa hatakata ubao kabla hajakaa.

Mkewe humcheka mpaka leo. "Waume wa wenzangu wanakwenda kazini," husema, "wangu anakwenda kukaa." Tena humcheka kwa simu yake, kwa kuwa Maboksi hahifadhi jina la mtu hata kwa dawa. Anahifadhi nyumba. Simu inaita, mke anasoma kwa sauti: "Mzee, Sebule Ndefu anapiga!" "Mbwa Wawili anakutafuta!" "Ngazi Mbovu huyu hapa!" Na namba hafuti. Ameshabadilisha simu mara sita, na mara zote sita namba zote zimehama naye, hata za wale wa enzi za uashi, alipokuwa anajenga kwa tofali na saruji, kabla mgongo haujamkatalia zege na kumsukuma kwenye mbao.

Basi. Muuza matairi alimwita siku ya Jumanne. Nyumba yake ni moja ya zile za zamani zilizojengwa mbilimbili, huku kwako na kule kwa jirani, katikati mnagawana ukuta mmoja. Mji wenyewe ni wa baridi, baridi ile ya kukufanya uvae soksi mbili ndani ya nyumba. Mke wa muuza matairi ni mshona mapazia, mama mwenye jicho kali la rangi, na picha ya ukuta anaoutaka alikuwa nayo tayari kwenye simu.

"Fundi, nataka hivi hivi. Televisheni hapa, moto hapa, rafu huku na huku. Na huo moto usiwe na moshi wala harufu. Mimi na mapazia yangu, moshi siutaki hata kuusikia."

"Moto wa umeme hauna moshi, mama. Ni taa na kifeni cha joto tu. Ila lazima niuachie nafasi juu yake ipite hewa, la sivyo joto litaichoma televisheni."

"Mimi nakuamini wewe," alisema mshona mapazia, na maneno hayo Maboksi atakuja kuyakumbuka.

Ukuta wenyewe ulikuwa ule wa kugawana na jirani. Katikati ulitokeza mbele kidogo, upana wa kama mita moja na nusu, na Maboksi hakuhitaji kuambiwa. Humo ndani palikuwa na meko zamani, na dohani yake ya kutolea moshi bado imesimama mpaka juu ya paa. Mtu aliyaziba, akapiga lipu, akapaka rangi.

"Sisi tuliinunua ikiwa hivi," alisema muuza matairi. "Mwaka wa tisa huu. Hata hatujui ndani kuna nini."

Maboksi alitikisa kichwa, akaandika vipimo. Enzi za uashi yeye mwenyewe aliziba meko mengi, kila mtu alipokuwa anaachana na kuni, lakini mtaa huu hakuukumbuka. Barabara imewekwa lami, mageti ni ya chuma, nyumba zimeongezwa veranda mbele. Nani angeutambua?

Pembeni mwa ukuta ule, mgongo kwenye lipu kabisa, kulikuwa na kiti cha kuegemea, na kwenye kiti alikuwapo Bibi.

Bibi ni mama mzazi wa muuza matairi. Enzi zake alikuwa mwendesha simu. Mji mzima, ukitaka kuongea na mtu wa mbali, ulipita kwanza mikononi mwake, naye akakuunganisha. Asubuhi ile kichwa kilikuwa kimemwangukia begani, mashavu yameiva kama mtu aliyetoka kuchochea moto, na macho yanatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya ukuta?"

"Ndiyo, mama."

"Waambie unapumua," alisema Bibi. "Unapumua miguuni kwangu. Una joto."

Mshona mapazia akainamisha macho. Muuza matairi akamshika fundi mkono, akamtoa mpaka kwenye veranda.

"Usimjali mama. Asubuhi anapotea kabisa. Juzi kaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Mchana anarudi, anakuwa mama yangu yule yule, jioni anapotea tena. Mwaka wa pili huu, na hilo la ukuta kupumua halimtoki mdomoni. Jumapili tunampeleka kwa dada yangu. Ni safari ya siku nzima, lakini huko kuna mtu wa kushinda naye." Akawa anachokonoa rangi ya mlango kwa ukucha. "Hatumfukuzi, fundi."

Maboksi hakuwa amesema anafukuzwa. Alisema tu kwamba kazi ya mbao itaanza Jumatatu.

Jumatano alisimamisha maboksi. Bibi alikataa katakata kuhamisha kiti, basi akaukata ukuta wake wa maboksi kukizunguka, ukabaki ulimi wa boksi unaning'inia chini, pembeni mwa kiti. Mchana Bibi aliamka, na mtu aliyeamka hakuwa yule wa asubuhi hata kidogo. Alikuja na mkongojo wake mpaka katikati ya sebule, akaitazama kazi juu mpaka chini.

"Fundi, hili ni jeneza la nani?"

"La televisheni, mama."

"Afadhali. Nilidhani mmenipima bila kuniambia."

Wakacheka wote wawili. Akakaa kwenye kochi, akamtajia namba za simu za zamani, ya posta, ya stesheni, ya daktari aliyemzalisha, zote bila kukosea. Halafu akaishusha sauti.

"Wanasema nimechanganyikiwa. Huenda ni kweli, kichwa changu asubuhi nakijua mwenyewe. Lakini fundi, miaka ishirini na minane nimesikiliza watu wakipumua kwenye waya kabla hawajasema neno. Pumzi naijua. Ukuta ule unapumua." Akazungusha mkongojo sakafuni. "Sitaki kwenda. Binti yangu ni mtoto mwema, lakini kule nakwenda kungoja kufa. Nani ataniamini huko, ikiwa hapa nyumbani sijaaminiwa?"

Maboksi alimhurumia sana. Na aibu yake ndiyo hiyo, kwamba alimhurumia tu. Hakumwamini hata chembe.

Alhamisi alikalia makochi. Akaishusha televisheni kwa upana wa kiganja, akasogeza moto wa umeme kushoto. Ijumaa asubuhi na mapema akaja kukaa kwenye kiti cha Bibi, wakati Bibi yuko jikoni anakunywa chai.

"Hicho usijisumbue nacho," mshona mapazia alimwambia. "Jumapili hakina mtu."

"Leo ni Ijumaa, mama. Leo kina mtu."

Akakaa. Kiti kilikuwa kitamu, nisiwafiche. Kajoto kalikuwa kanampanda kutoka kwenye vifundo vya miguu, laini, kana kwamba paka kalala pale. Ng'ambo ya ukuta alisikia maji yanatiririka, watu wa jirani wanaoga waende kazini. Baada ya robo saa akapiga miayo. Baada ya nusu saa kichwa kikawa kizito, kana kwamba mtu kamvika sufuria. Akaitazama futi kamba yake, futi kamba aliyoisoma miaka yote, na tarakimu zikawa zinaogelea. Akatupa macho chini. Ule ulimi wa boksi pembeni mwa kiti ulikuwa unainuka taratibu, unatulia, unarudi. Unainuka, unatulia, unarudi.

Boksi linapumua, aliwaza.

Na hili ndilo linalomtisha mpaka kesho: aliliona, akalielewa, wala hakushangaa. Aliona ni sawa tu. Aliona kila kitu ni sawa, na usingizi ni mtamu.

"Fundi, chai tayari," alisema mshona mapazia kutoka mlangoni. "Fundi? We fundi!"

Alitaka kujibu "nakuja" na neno lenyewe hakulipata. Alitaka kusimama na miguu haikuwapo. Mshona mapazia akapiga ukelele uliomtoa mumewe bafuni na povu la sabuni shavuni, wakamkokota wawili hao mpaka veranda, na pale Maboksi akatapika kwenye maua ya watu mbele ya mtaa mzima.

Upepo wa baridi ukampiga usoni. Dakika tano, dakika kumi. Akili ikaanza kurudi kidogo kidogo, na ilivyorudi ikaja na jambo moja lililomsimamisha nywele. Yeye alikalia kiti kile nusu saa. Bibi hukikalia kila siku.

"Bibi yuko wapi?"

"Amesharudi kwenye kiti chake, kwani—"

"Mtoeni!" Sauti ilimtoka hata mwenyewe hakuijua. "Mtoeni nje! Fungueni madirisha! Yote! Yote!"

Muuza matairi alisimama mdomo wazi. Ikabidi Maboksi mwenyewe aingie, anayumba, amnyanyue mama wa watu kutoka kwenye kiti kama mzigo wa nguo, amlete juani na blanketi lake. Bibi alimtazama. "Wewe ni nani?" aliuliza, akafumba macho.

Madirisha yote yalipokuwa wazi na mapazia yanapepea, Maboksi alirudi ndani. Akakivuta kiti. Akauchana ulimi wa boksi. Nyuma yake, chini kabisa karibu na sakafu, kulikuwa na kitu cha duara kilichopakwa rangi mara nyingi mpaka kikafanana na ukuta. Akaikwangua rangi kwa ufunguo. Bati. Kifuniko cha kopo la rangi, kimetobolewa kwa msumari matundu saba, sita kwa mzunguko na moja katikati. Kupitia matundu yale hewa ya moto yenye unyevu ikampuliza vidole.

Hapo ndipo alipopiga magoti.

Sikilizeni niwaeleze. Kifuniko kile alikipigilia yeye. Hakuna fundi mwingine mji ule aliyetumia vifuniko vya kopo. Wengine walinunua vile vya dukani, yeye alitoboa vya kwake, saba, kwa msumari wa inchi sita, na alijivunia kama mtu anayetia sahihi. Alipokuwa anaziba meko aliacha tundu chini ili unyevu usioze ukuta kwa ndani, halafu akapanda juu ya paa akafunika mdomo wa dohani kwa bamba la zege, mvua isiingie, ndege wasijenge. Chini tundu, juu kifuniko. Wenye nyumba walimsifu. Na dohani zile nyingi zilikuwa za nyumba mbili, na yeye wala hakuwahi kubisha mlango wa pili kuuliza. Nyumba ya jirani hapa, miaka ile kumi na miwili iliyopita, huenda ilikuwa tupu. Hata hakumbuki. Alipokea ujira wake akaenda zake.

Muuza matairi alikuwa amemfuata nyuma. "Nini hicho, fundi?"

Maboksi alikwenda moja kwa moja mpaka kwa jirani, akagonga. Jirani ni mwalimu wa kufundisha udereva, alitoka na taulo shingoni.

"Jirani, mnaoga maji ya moto?"

"Ala! Swali gani hilo asubuhi yote hii?"

"Yanachemshwa na nini?"

"Hita ya gesi. Tuliifunga mwaka juzi. Bomba lake la moshi si tumeliingiza kwenye dohani ya zamani? Dohani kazi yake si kutoa moshi? Ila mke wangu naye siku hizi, kila asubuhi ni kichwa, kichwa..."

Mwaka juzi. Muuza matairi alilisikia neno hilo, na uso ukamsawajika.

Walifanya jaribio moja tu, na lilitosha. Maboksi alining'iniza kipande cha boksi mbele ya matundu, madirisha yakarudishwa kidogo upepo usiwadanganye, na mwalimu wa udereva akasimama kule kwake kwenye hita. "Washa!" Baada ya muda kidogo, kipande kikainuka. "Zima!" Kikalala. "Washa!" Kikainuka tena. Mshona mapazia alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Muuza matairi alikaa sakafuni pale pale, mwanamume mkubwa mwenye duka na wafanyakazi, akalia waziwazi.

"Mwaka wa pili," alisema. "Mwaka wa pili mama anatuambia, sisi tunamwona mwehu. Nimeshamfungia na begi." Kisha kilio kikageuka hasira. "Ni fundi gani mpumbavu aliyeziba juu akaacha tundu chini? Nikimjua mtu yule, haki ya Mungu, namvunja miguu!"

Kifuniko kilikuwa mkononi mwa Maboksi. Akakitia mfukoni. Aliogopa, tuseme ukweli, aliogopa kama mtoto aliyevunja chombo.

Bibi alipelekwa hospitali pamoja na mke wa jirani. Daktari hakuzunguka. Alisema hita ya gesi ikikosa pa kutolea hewa yake, hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu taratibu. Alisema mama alikuwa anazama kila asubuhi na kuibuka kila mchana, na kwamba mengi yatarudi kichwani, ingawa huenda si yote. "Na hiyo Jumapili yenu," alimwambia muuza matairi, "mngeweza kuitumia kumzika."

Maboksi alikwenda nyumbani. Akakiweka kifuniko mezani mbele ya mkewe, akamweleza yote. Mkewe alikuwa ameanza kucheka, akaacha. Alikifahamu kitu kile, makopo ya rangi ya jikoni kwake yalikaa uchi miaka mingi kwa ajili ya vifuniko hivyo.

"Umewaambia?"

"Watanivunja miguu."

"Mgongo ulishakwisha kitambo, miguu ya nini tena? Kaseme."

Alasiri aliingia wodini. Bibi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amevishwa barakoa ya hewa, na macho yake yalikuwa ya yule wa mchana, yanakuona mpaka ndani. Muuza matairi alikuwa kando ya kitanda. Maboksi hakusalimu hata salamu. Alikitoa kifuniko akakiweka juu ya shuka.

"Mama, aliyeziba ule ukuta ni mimi."

Muuza matairi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Wewe? Wewe uliyekaa ukanitazama nalia?"

"Ni mimi."

"Keti," alisema Bibi.

"Mama, huyu ndiye—"

"Nimesikia. Masikio hayakuwahi kuumwa. Keti." Alikichukua kifuniko, akapitisha kidole tundu kwa tundu. "Saba. Nimeyagusa kwa kisigino mwaka mzima, nikajua ni saba." Akamtazama Maboksi. "Nilikwambia unapumua."

"Uliniambia, mama."

"Ukanihurumia."

"Nilikuhurumia. Nisamehe."

"Huruma nilikuwa nayo ya kutosha, nyumba imejaa huruma. Nilitaka mtu mmoja akae pale." Alivuta pumzi mbili tatu ndani ya barakoa. "Ukakaa. Hilo nimeliweka moyoni. Sasa niambie, uliziba nyumba ngapi?"

Maboksi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa kwa ngumi, kwa polisi, kwa aibu ya mtaa mzima. Swali hilo hakujiandaa nalo. Tangu asubuhi alikuwa amewaza ukuta mmoja tu, Bibi mmoja, kosa moja. Sasa kuta zikaanza kusimama kichwani mwake moja baada ya nyingine, mtaa baada ya mtaa, na katika kila ukuta matundu saba. Akaushika ukingo wa kitanda.

"Sijui, mama. Thelathini. Huenda arobaini."

"Zote hivi? Chini tundu, juu kifuniko?"

"Zote."

"Na majirani wao wakaweka nini, unajua?"

"Sijui hata mmoja. Ee Mungu wangu, sijui hata mmoja."

Muuza matairi alikiinua kiti chake, akakaa polepole. Ngumi zilikuwa zimefunguka zenyewe.

"Namba zao unazo?" aliuliza Bibi.

"Ninazo. Sifuti."

"Lete simu. Na wewe mwanangu, nipe miwani yangu, iko kwenye lile begi mlilonifungia."

Muuza matairi alilifungua begi la safari. Miwani ilikuwa chini kabisa, chini ya sweta na kanga zilizokunjwa vizuri kwa ajili ya Jumapili, na ikambidi atoe nguo zote. Hakuzirudisha. Bibi akavaa miwani, akaisogeza simu ya Maboksi machoni.

"Ngazi Mbovu. Huyu ni mtu?"

"Ni nyumba, mama. Hiyo nayo niliiziba."

"Haya."

Muuguzi aliyepita alisema, "Bibi, barakoa isitoke," na Bibi akamwambia, "Dakika moja, binti yangu, niko kazini." Akaishusha barakoa kidevuni. Akajinyoosha kwenye mito, akasafisha koo, na mgongo wake ukakaa kama wa mtu aliye mbele ya bodi ya simu. Simu ikaita. Ikaita. Maboksi alikuwa anahesabu milio na hakujua kama anapumua. Muuza matairi alikuwa amekumbatia sweta.

Upande wa pili mtu akapokea. Bibi alisikiliza kwanza, kichwa ameinamisha, kama alivyosikiliza mji mzima miaka ishirini na minane, akasikia pumzi nzito ya mtu anayezama, na uso wake ukabadilika.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti ambayo mwanawe alikuwa hajaisikia tangu utotoni, sauti iliyonyooka isiyo na haraka wala hofu, "usiniulize kwanza mimi ni nani. Fungua madirisha yote, mtoe nje kila mtu aliyelala, halafu urudi hapa. Sikati simu. Nakusubiri."